Shangazi, nikisikiliza walimu wa makanisa mengine nakuwa msaliti?

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitaje jina langu maana kanisani kwetu safu yako inasomwa kuliko matangazo ya kanisa. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina mume, nimekulia kwenye kanisa moja mpaka leo, nimebatizwa hapo, nimefunga ndoa hapo na Jumapili nafundisha darasa la watoto. Kanisa letu ni la utaratibu, ibada ina mpangilio wake, nyimbo za kitabuni, mahubiri yanafuata masomo ya kalenda, na mimi sina shida nalo kabisa, nakwambia mapema usije ukadhani nataka kuhama.

Ilivyoanza ni hivi. Mama yangu alifariki na baada ya msiba nikawa kila nikitaka kusali maneno hayatoki, yaani napiga magoti, nanyamaza, nainuka, basi. Kazini nina rafiki Mkatoliki, nikamwambia, akasema wao wana namna ya kusali na Maandiko, unachukua mistari michache tu unaisoma polepole, unairudia, unakaa na lile neno lililokugusa, unaongea na Mungu kuhusu hilo neno, na ukiishiwa cha kusema unakaa tu mbele zake. Nikajaribu na Zaburi. Shangazi nililia siku ile kilio ambacho hata msibani sikukilia, na toka hapo kusali kukarudi.

Basi nikafunguka. Nikasema kumbe kuna watu wanajua vitu ambavyo sisi kwetu hatufundishwi, nikaanza kufuatilia mafundisho YouTube, kuna mwalimu mmoja wa Kipentekoste anafundisha kufunga na maombi ya usiku, kuna mwingine anachambua Warumi mstari kwa mstari, kuna mtawa anaongelea ukimya, kuna mama Msabato anafundisha habari za kupumzika, na kuna nabii mmoja yeye yuko laivu kila alfajiri. Saizi nikiosha vyombo hedifoni, nikipiga pasi hedifoni, nikilala hedifoni, mpaka mume wangu akasema siku hizi wachungaji wa kwenye simu wanakuona kuliko yeye. Alisema kwa utani ila nilimwelewa.

Sasa shida. Tuna kikundi cha maombi katikati ya wiki, nikawashirikisha ile namna ya kusoma polepole nikidhani watafurahi. Kiongozi wetu akanikatisha mbele ya watu wote, akasema nachanganya dawa, kwamba mambo ya kukaa kimya ni ya dini za mashariki na nafungua mlango wa mapepo, akafungua Waefeso akasoma pale pa kuchukuliwa na kila upepo wa elimu. Hakuna aliyenitetea. Toka siku hiyo nikishika simu kusikiliza nasikia hatia, nikiiweka chini nasikia hasira, sijui hata kipi ni kipi.

Na yule nabii wa alfajiri naye (nipo kwenye grupu lake la WhatsApp la watoto wake wa kiroho) amesema mtu anayekula kwenye madhabahu mbili baraka zake zinavuja, kwa hiyo tuache kusikiliza wengine, sasa unaona pande zote mbili zinaniambia kitu kimoja ndo maana nikaanza kuogopa. Yeye kusema kweli amenisaidia, aliniambia vitu kuhusu mama yangu ambavyo vilikuwa kweli, nikapanda mbegu kwake, nilitoa kwenye akiba yetu ya nyumbani, mume wangu sijamwambia maana baba, ndivyo tunavyomwita huyo nabii, alisema mbegu ya agano haitangazwi kwa mtu ambaye imani yake haijafika ulipo wewe, akisikia ataiua. Hilo ni jambo dogo ila nalitaja upate picha nzima.

Maswali yangu: je ni dhambi kujifunza nje ya kanisa lako? Nitajuaje cha kupokea na cha kuacha? Kikundini nifanyeje? Na je, wale watoto wangu wa Jumapili naweza kuwafundisha ile namna ya kusoma Zaburi polepole?

Mwenye hedifoni

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa mama.

Barua yako nilikuwa naisoma vizuri tu mpaka nilipofika kwenye hicho ulichokiita jambo dogo. Naomba uniruhusu nianzie hapo, maswali yako manne yatangoja kidogo, kwa sababu mtu anaweza kunijibu kwamba ukimya ni mzuri au mbaya na tukabishana mpaka jioni hakuna atakayeumia, ila hapo kwenye akiba tayari kuna mtu ameumia na hajui.

Wewe unasema kiongozi wa kikundi na huyo nabii wanakwambia kitu kimoja. Hapana. Kiongozi wako alikosea namna, alikuaibisha mbele ya watu, lakini angalia alichofanya, alisema hadharani, akakupa na mstari, maana yake wewe unaweza kwenda nyumbani ukaufungua ukaona kama unasema anachosema, unaweza hata kumjibu, na hajakuomba chochote. Huyu mwingine amekwambia usisikilize wengine, amechukua hela, halafu amekuwekea siri kati yako na mume wako, yaani amefunga milango yote ambayo mtu mwingine angeweza kuingia akakuuliza, mwanangu, hii ni nini? Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa na ukiyaweka kapu moja utaishia kumwogopa mtu mkali na kumwamini mtu mlaini.

Unasema alikwambia mambo ya mama yako yakawa kweli. Sawa, sibishi, ingawa ningependa nikuulize kwenye hilo grupu ulishaandika nini kuhusu msiba wako kabla hajakutabiria. Lakini tuseme hakujua chochote na amepatia. Kumbukumbu la Torati 13 inasema wazi kwamba nabii anaweza kutoa ishara na ishara ikatimia na bado usimsikilize, kama anakopeleka siko. Kupatia peke yake siyo kipimo. Na kuna ile habari ya 1 Wafalme 13 ambayo huwa sisikii ikihubiriwa sana, nashangaa kwa nini. Mtu wa Mungu katoka Yuda kaenda Betheli kumkemea mfalme Yeroboamu, na ameambiwa na Mungu asile mkate, asinywe maji huko, asirudi kwa njia aliyoijia. Mfalme anamkaribisha, anakataa. Halafu anakuja nabii mzee, mwenyeji wa palepale, anamwambia mimi nami ni nabii kama wewe, malaika ameniambia nikurudishe nyumbani kwangu ule. Biblia inaongeza hapohapo kwamba alimdanganya. Yule mtu wa Mungu akarudi, akala, na njiani simba akamuua. Aliweza kumkatalia mfalme lakini hakuweza kumkatalia nabii mwenzake, kwa sababu ya ile "malaika ameniambia". Kile alichokuwa anakijua kwa hakika alikiacha kwa sababu ya kitu ambacho hakuwa na namna ya kukihakikisha. Wewe kitu unachokijua kwa hakika ni kwamba wewe na mume wako ni mwili mmoja na hiyo akiba ni yenu wote wawili.

Wakristo wa mwanzo kabisa walikuwa na tatizo hilihili, usidhani limeletwa na simu. Kuna kijitabu kinaitwa Didake, wasomi wengi wanakiweka mwishoni mwa karne ya 1 au mwanzoni mwa ya 2, kilikuwa mwongozo wa maisha ya kanisa, na ndani yake kuna maelekezo ya kuwapokea wahubiri wanaosafiri. Kinasema mtume akija apokelewe kama Bwana mwenyewe. Hapo ni uwazi wa ajabu, hawamjui, hawajamfanyia usaili, wanampokea. Halafu palepale kinaendelea, asikae zaidi ya siku moja, ya pili kama kuna haja, akikaa siku tatu ni nabii wa uongo, na akiondoka achukue mkate tu wa kumfikisha anakolala, akiomba hela ni nabii wa uongo. Na mtu akisema katika roho nipeni fedha, msimsikilize, isipokuwa kama anawaombea wengine wenye shida. Mimi napenda sana jinsi walivyoviweka pamoja, mlango wazi na macho wazi, hawakuona kwamba ukiwa na kimoja huwezi kuwa na kingine.

Na usiri huu unakoweza kufika unajulikana. Jim Jones kule Marekani alianza kama mhubiri aliyependwa, kanisani kwake weusi na weupe walikaa pamoja wakati ambao sehemu nyingi hawakukaa, watu wakamfuata kwa wema huo, ila kidogokidogo akawatenga na ndugu zao, mali zao, na sauti nyingine zote, mwisho akawahamishia msituni Guyana na tarehe 18 Novemba 1978 walikufa watu zaidi ya 900, watoto wakiwemo. Sisemi huyo wako ni Jones, simjui. Nasema hakuna aliyejiunga siku ya kwanza akijua anaenda Guyana.

Kwa hiyo leo, kabla ya mengine yote, kaa na baba watoto umwambie. Usianze na maelezo ya mbegu na agano, anza na kiasi ulichotoa na kwamba ulimficha. Atakasirika na ana haki. Halafu toka kwenye lile grupu, na ukitumiwa ujumbe wa laana kwamba ukiondoka utapatwa na hili au lile, usijibu, mwonyeshe mume wako.

Haya, sasa maswali yako.

Dhambi ya kujifunza nje, hapana, na wala siyo mimi ninayesema. Korintho walikuwa na ugomvi huu, mmoja anasema mimi ni wa Paulo, mwingine mimi wa Apolo, mwingine wa Kefa. Paulo angeweza kuwaambia jamani kanisa nimelianzisha mimi, nisikilizeni mimi, yaani alikuwa na kila sababu. Badala yake anaandika mtu yeyote asijisifie wanadamu, "kwa maana vyote ni vyenu", kwamba ni Paulo, au Apolo, au Kefa. Ona alivyougeuza, wao wanasema sisi ni wa mwalimu fulani, yeye anasema mwalimu fulani ni wenu. Walimu ndio mali ya kanisa, kanisa siyo mali ya mwalimu. Kwa hiyo mtu akikwambia wewe ni "mtoto wangu" kwa maana kwamba wengine usiwasikilize, ameshaugeuza tena ulivyokuwa kule Korintho.

Na huyo Apolo mwenyewe anafundisha kitu. Matendo 18 inasema alikuwa msemaji mzuri, hodari katika Maandiko, anafundisha kwa usahihi habari za Yesu, ila ubatizo alikuwa anaujua ule wa Yohana tu. Prisila na Akila, mke na mume washona mahema, wakamsikia kwenye sinagogi, wakamchukua kwao wakamweleza njia ya Bwana kwa usahihi zaidi. Mhubiri mkubwa anakaa kufundishwa na fundi wa mahema na mke wake! Na walimchukua kwao, hawakusimama katikati ya mahubiri yake wakamwambia unachanganya dawa. Hilo namwambia kiongozi wako, kama naye anasoma hapa.

Kuhusu ukimya kuwa mambo ya mashariki, hapo historia haimsaidii. Wakristo walikuwa wanakaa jangwani Misri wanasali kwa ukimya na Zaburi toka karne ya 3 na ya 4, akina Antoni, na ile namna rafiki yako aliyokufundisha watawa waliishi nayo karne nyingi, kwenye karne ya 12 mtawa mmoja anaitwa Guigo wa Pili akaiandika kwa hatua nne, kusoma, kutafakari, kuomba, na kutulia mbele za Mungu. Elia naye alisubiri mpaka upepo upite, tetemeko lipite, moto upite, ndipo ikaja sauti ndogo ya utulivu. Lakini nisimwonee kiongozi wako, ana jambo moja la kweli ndani ya ukali wake, zipo namna za kutafakari ambazo lengo lake ni kuliondoa kila wazo kichwani, mtu asibaki na kitu, na wapo wanaozileta kanisani kama zilivyo. Ulichofanya wewe ni kinyume chake, ulikaa na neno la Zaburi mpaka likakuliza. Tofauti hiyo mweleze kwa upole, inawezekana kabisa hajawahi kusikia mtu akiielezea.

Kipi cha kupokea na kipi cha kuacha, hapa nitakaa kidogo maana ndo penye kazi. Watu wakisema "kuwa wazi" wengi wanafikiri ni kama swichi, unafungua au unafunga, unampokea mwalimu mzima au unamkataa mzima. Mtu ninayempenda kwenye hili ni John Wesley. Alikuwa kasisi wa Anglikana, mwana wa kasisi. Mwaka 1735 alichapisha tafsiri ya kitabu cha ibada cha mtawa Mkatoliki, Thomas à Kempis, na yeye Mprotestanti. Kwenye meli ya kwenda Georgia akakutana na Wamoravian, Waprotestanti kutoka Ujerumani, bahari ikachafuka, Waingereza wanapiga kelele wao wanaimba tu, ikamchoma moyo, akaanza kujifunza kwao. Tarehe 24 Mei 1738, London, mtaa wa Aldersgate, akiwa kwenye kikao ambacho mtu anasoma utangulizi wa Luther kwenye Warumi, akasikia moyo wake unapata joto kwa namna ya ajabu na kwamba anamtumaini Kristo peke yake. Sasa hapo angalia, Mwanglikana, kati ya Wamoravian, anasikiliza Mlutheri, na kichwani ana Mkatoliki.

Lakini haikuishia hapo, na hii sehemu ya pili ndo watu wanairuka. Miaka miwili baadaye, 1740, baadhi ya walewale Wamoravian na wenzao pale London wakaanza kufundisha kwamba mtu ambaye hajapata imani kamili atulie tu, asisome Biblia, asishiriki Meza ya Bwana, asifanye lolote, asubiri. Wesley akakataa. Akasema hilo siyo Maandiko, akatoka kwenye chama chao na waliokubaliana naye wakamfuata. Watu walewale ambao moyo wake ulipata joto katikati yao! Hakusema kwa kuwa wamekosea hili basi na lile la 1738 lilikuwa la shetani, na wala hakusema kwa kuwa walinisaidia basi lazima nimeze na hili. Akabaki na alichopewa, akaacha kisichofaa. Na kanisani kwao Anglikana alibaki kasisi mpaka anakufa 1791.

Ndo maana mimi swali "huyu ni wa kanisa gani" nalipa uzito mdogo kuliko wengi wanavyolipa. Silidharau, tofauti zipo na ni za kweli, ubatizo wa watoto, siku ya ibada, kunena kwa lugha, nafasi ya watakatifu, huyo mama Msabato na huyo mtawa na Mpentekoste wako wakikaa meza moja watabishana na ni halali yao. Wewe huna haja ya kuwasuluhisha. Kwenye mambo hayo kaa na kanisa lako mpaka utakapokuwa umesoma vya kutosha kufikiri vingine, na usione aibu kusema hili silijui bado. Yakiguswa mambo ya msingi, kwamba tunaokolewa kwa neema, na kwamba Yesu ni nani, alikufa, akafufuka, yale yaliyo kwenye Imani ya Nikea ambayo Mkatoliki, Mwothodoksi na Waprotestanti wengi wanaikiri pamoja, hapo hata akifundisha malaika usimfuate. Paulo alijiweka na yeye mwenyewe kwenye hiyo orodha, "ijapokuwa sisi au malaika wa mbinguni". Sisi! Mwalimu anayesema hata mimi nikibadilika msinifuate, huyo msikilize.

Nadhani hapo ndipo nilipokuwa nataka tufike. Namuuliza mwalimu, wa kanisa langu au wa kwingine, unakubali kupimwa? Waberoya walimpima Paulo, Paulo mwenyewe, wakayachunguza Maandiko kila siku waone kama mambo hayo ndivyo yalivyo, na Luka aliyeandika anawaita waungwana kwa sababu hiyo, hawaiti waasi. Korintho manabii waliambiwa wanene wawili au watatu na wengine wapambanue, yaani hata nabii wa kweli katikati ya ibada anakaa chini watu wanapima alichosema. Mchambuzi wako wa Warumi, ukimwandikia swali gumu anajibu au anasema una roho ya uasi? Mwalimu wa kufunga, akimkuta mjamzito au mtu anayetumia dawa za hospitali anamwambia nini? Rafiki yako Mkatoliki, ulipomwambia hiki sikielewi, alikasirika? Ukiuliza hivi utashangaa, wengine uliowaona wageni watapita na wengine wa nyumbani watakwama.

Halafu kuna kupima kwingine ambako wengi hatukupendi kwa sababu kunatupima sisi. Mafundisho haya yamekufanya nini? Si hisia, hisia zinakuja tu hata kwa muziki. Kile cha Zaburi kilirudisha sala yako, hicho naona tunda lake waziwazi. Haya mengine yote ya kwenye hedifoni, niambie moja ambalo umelifanya. Umefunga? Unaamka usiku? Umepumzika kama huyo mama anavyofundisha? Barua yako inasema umejifunza mengi, haisemi umeanza lipi, na mume wako anakuona mgongo. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba watu watajipatia waalimu makundi makundi kwa sababu ya masikio ya utafiti, na sisi tukisoma hapo huwa tunawaangalia hao waalimu, wakati lawama imewekwa kwenye masikio.

Kwa hiyo punguza. Chagua mmoja, mimi ningesema yule wa Warumi maana anakulazimisha kufungua kitabu mwenyewe, mwache akumalizie kitabu kizima. Ile ya Zaburi endelea nayo, na kama unataka kujaribu kufunga jaribu kwa kiasi, halafu mweleze mchungaji wako unafanya nini. Wengine wote wanyamazishe kwa sasa, hawaendi popote, video zipo. Na vyombo vioshe bila hedifoni siku nyingine, uongee na watu wa nyumbani au ukae na mawazo yako, mimi nyakati hizo ndo huwa naomba vizuri kuliko hata kwenye mkesha ambao kusema kweli nasinzia.

Nimesema mchungaji wako, siyo kiongozi wa kikundi, na sababu ni kwamba kila anayejifunza kwa walimu wengi anahitaji mtu mmoja anayemjua. Hao wa YouTube hawajui mama yako alikufa lini, hawajui ukikasirika unakuwaje, hawawezi kukwambia umekonda au siku hizi una hasira. Mchungaji wa kanisani kwako pamoja na nyimbo zake za kitabuni anaweza. Nenda na jambo mahususi, usiende kusema nimefunguka kiroho, hilo linamtisha mchungaji yeyote, nenda useme nilikuwa siwezi kusali baada ya msiba, nikafundishwa kusoma Zaburi hivi, imenisaidia, wewe unaonaje. Na habari ya nabii mwambie yote. Kama ni mtu mzima mwenye akili atakuuliza maswali mengi kabla hajatoa hukumu, na akiona jambo ambalo wewe hulioni mpe nafasi, usiwe wazi kwa walimu wa mbali halafu ukawa umefunga masikio kwa wa karibu.

Kikundini usirudi na vita. Mwombe kiongozi muonane wawili, au na mke wake akiwepo, mwambie kilichokuumiza ni kusemwa mbele za watu, kisha mwulize ameona nini mpaka anaogopa kiasi kile. Viongozi wengi wa namna yake wana mtu waliyempoteza kwenye vikundi vya ajabu, ukali wao ni msiba ambao haujazikwa. Mwambie na habari ya yule nabii kama utakuwa na ujasiri, maana kwa huyo alikuwa na haki ya kuogopa ingawa alipiga mlango usio. Akiendelea kusema Zaburi ina mapepo, basi wewe sali nyumbani kwako na kikundini omba pamoja nao wanavyoomba, si lazima kila mahali pafanane na chumba chako.

Watoto sasa. Hapa nakuwa mkali kidogo, ulivyokusanya kwenye simu usiwapelekee, hata vile vizuri, wazazi wao wamekukabidhi kwa niaba ya kanisa na siyo kwa niaba ya unachosikiliza wiki hii. Ila kusoma Zaburi polepole, baada ya mchungaji kujua na kukubali, fanya. Chukua mistari miwili, Zaburi 23 inatosha, soma mara tatu, waulize neno gani limebaki, kaeni kimya kidogo, kila mmoja aseme sala fupi ya sentensi moja. Usiwaeleze habari za watawa wala hatua nne. Wiki ya kwanza watacheka wakati wa ukimya, mmoja atajifanya anakohoa na wote watamfuata, waache tu wacheke mpaka waishiwe halafu soma tena.